Mwongozo wa Kusafirisha Mzigo wa Haraka Siku Hiyohiyo Mkoani Kigoma

Mashine ya kusaga ikivunjika beringi kule Kasulu wakati wa mavuno, au kituo cha afya cha Uvinza kikikaribia kuishiwa mitungi ya oksijeni, mwenye shida hatafuti lori la tani 30 litakaloondoka keshokutwa likishajaa. Anatafuta gari dogo lenye dereva aliye tayari, litakalobeba mzigo wake peke yake, liondoke ndani ya muda mfupi na kufika kabla mpokeaji hajafunga. Nchini Marekani kazi ya namna hii ilishamiri kwenye visima vya mafuta vya Texas, ambako pikapu zilikimbiza vipuri kwenye mitambo iliyosimama, kwa sababu kila saa ya mtambo kulala iligharimu zaidi ya nauli yoyote ambayo mwenye pikapu angeitaja. Kigoma hakuna visima vya mafuta, lakini hesabu ya mteja haina tofauti: hasara ya kusubiri imekuwa kubwa kuliko gharama ya kukodi gari zima.

Mji wa Kigoma umekaa mahali panapofaa kwa biashara hii. Reli ya kati inaishia hapa, bandari ipo, uwanja wa ndege upo, na mabasi ya kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Tabora yanashusha vifurushi kila siku. Bidhaa nyingi zinazohitajika wilayani hupita mjini kwanza, kisha hukwama hapo zikisubiri usafiri wa kuzifikisha Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko au Uvinza. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye gari moja au mawili anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Jambo ninalotaka alishike tangu mwanzo ni kwamba mteja wake ananunua saa ya kufika, na kwamba saa hiyo hupatikana au hupotea zaidi kabla ya gari kuwashwa kuliko ikiwa barabarani.

Hatua ya 1: Chora mipaka ya eneo utakalohudumia

Usianze kwa kutangaza kwamba unakwenda popote. Chukua daftari, gawa mkoa kwa njia zake, kisha pita kila njia mwenyewe ukiwa na mzigo wa wastani, ukiandika muda halisi wa kila kipande.

Njia ya kwanza ni ya kwenda Kasulu. Kutoka mjini hadi njia panda ya Kidahwe ni karibu kilomita 28, na kutoka Kidahwe hadi Kasulu ni kilomita 63 za lami, kwa hiyo safari nzima ni kama kilomita 90. Hii ndiyo njia nzuri zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa unaweza kwenda na kurudi kwa mwanga wa mchana hata ukipata oda baada ya saa 4 asubuhi. Njia ya pili inashika mashariki kutoka Kidahwe hadi Uvinza, kipande cha kilomita 76 na ushei, ambako kuna viwanda vya chumvi vinavyohitaji vipuri na magunia wakati wowote. Njia ya tatu ni ya Mwandiga hadi Manyovu, kilomita 60 za kupanda milima kuelekea mpaka wa Burundi. Umbali ni mdogo, lakini miinuko na kona zake hulifanya gari lililobeba kwenda taratibu, na breki zisizo imara hazifai kabisa kuteremkia huko.

Kibondo na Kakonko ni suala jingine. Kibondo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini, nayo Kakonko iko mbele zaidi. Kuzifikia siku hiyohiyo kunawezekana iwapo mzigo umepakiwa asubuhi na mapema, lakini kurudi usiku huohuo na dereva yuleyule sikushauri. Panga dereva alale huko, na gharama ya malazi yake iingie kwenye bei tangu mwanzo. Kwa Tabora, ambako ni zaidi ya kilomita 400, ukubali tu ikiwa gari litaondoka alfajiri na lina madereva wawili.

Zipo pia sehemu ambazo ni afadhali ukatae. Barabara ya Simbo hadi Ilagala na kuendelea kusini hadi Kalya ni ndefu na sehemu yake kubwa ni ya udongo, hivyo katika miezi ya mvua, ambayo huku huanza takriban Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kumwahidi mtu wa Kalya kwamba mzigo utamfikia leo ni kumdanganya. Vijiji vingi vya mwambao hufikika vizuri zaidi kwa boti, na huduma yako kwao iishie kwenye mwalo wa Kibirizi au Ujiji, ukimkabidhi mzigo nahodha aliyechaguliwa na mteja mwenyewe. Vivyo hivyo kwa Burundi: mzigo unaovuka Manyovu unahitaji wakala wa forodha na nyaraka ambazo mwendo wake hauko mikononi mwako. Ahidi kufika mpakani, usiahidi kuvuka.

Hatua ya 2: Pata gari linalolingana na kazi, na vibali vyake vyote

Kwa vifurushi na vipuri vya chini ya nusu tani, kirikuu kinatosha kwa mjini, Ujiji na Mwandiga, lakini kwa safari ya Kasulu kikiwa kimejaa kitachelewa na kuchoka mapema. Pikapu yenye injini ya dizeli hubeba hadi tani moja bila shida na hupita kwenye tope ambalo lori dogo litanasa. Canter ya tani 3 inafaa kwa jenereta, mabomba, mbegu, mbolea na samani za ofisi. Ukiweza kumiliki gari moja tu, ningekushauri pikapu, kwa sababu mzigo wa dharura mara nyingi ni mdogo na wa thamani kubwa, na gari kubwa linalokwenda na robo tu ya mzigo linakula faida yako yote kwenye dizeli.

Gari la kubeba mizigo ya watu kwa malipo linatakiwa kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Biashara yenyewe inahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara ya halmashauri. Dereva wa lori awe na leseni ya daraja E. Leseni ya gari dogo la nyumbani haitoshi, hata kama anaendesha vizuri kiasi gani.

Suala la bima linapuuzwa sana na linaumiza sana. Bima ndogo humlipa mtu wa tatu aliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari lako. Bima kubwa huongeza gari lako lenyewe. Mzigo wa mteja haumo katika yoyote kati ya hizo mpaka ukate bima ya mali iliyo safarini. Nenda kwa wakala wa bima ukiwa na orodha ya aina za mizigo unayobeba na thamani ya juu kabisa ya mzigo mmoja, umwombe akuonyeshe kwenye karatasi ni mizigo gani imeachwa nje ya bima, kisha ujiwekee sheria kwamba hubebi kitu cha thamani inayozidi kiwango hicho bila mteja kukijua na kusaini.

Hatua ya 3: Pokea simu kwa maswali, si kwa ahadi

Mteja mwenye dharura huzungumza haraka na huacha nusu ya habari. Atakuambia, “Kaka, nina mzigo wa Kasulu, uko wapi?” na ukijibu tu kwamba unakuja, umeshajifunga. Mkaribishe kwa heshima, mtulize, kisha umuulize mambo haya kwa utaratibu huku ukiandika.

Mzigo ni nini hasa? Si “vifaa”, bali ni pampu, au katoni 12 za dawa, au mitungi 6 ya oksijeni. Una uzito gani na vipimo gani? Kama hajui uzito, mwombe apige picha kibandiko cha mashine na akutumie, au simama naye kwenye simu ahesabu katoni na kusoma uzito ulioandikwa kwenye moja. Uko wapi sasa hivi, na je, umeshalipiwa na kuruhusiwa kutoka? Swali hili la mwisho ndilo linalookoa muda mwingi kuliko mengine yote. Mara nyingi mzigo “upo stesheni” au “upo bandarini”, lakini risiti iko kwa mtu mwingine, au stoo inafunguliwa baada ya chakula cha mchana. Kama mzigo haujaruhusiwa kutoka, saa yako isianze kuhesabiwa. Mwambie mteja waziwazi kwamba muda wa safari utahesabiwa tangu mzigo ukiwa mbele ya gari na hati zake zikiwa kamili.

Kisha uliza upande wa pili: nani atapokea, namba yake ni ipi, anafunga saa ngapi, na kuna watu wa kushusha? Jenereta la kilo 800 likifika Kasulu saa 11 jioni mahali pasipo na winchi wala vijana wa kushusha, mzigo umefika lakini huduma haijakamilika. Mpigie mpokeaji mwenyewe kabla ya kuondoka. Dakika 3 za simu hiyo hukuonyesha mambo ambayo mtumaji hakuyajua, kwa mfano kwamba ofisi imehamia upande wa pili wa mji, au mhasibu anayetakiwa kusaini yuko safarini. Kama mzigo unakwenda ndani ya kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, uliza kibali cha kuingia kinachotolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani, na usiondoke mjini hadi nakala yake iwe mkononi mwa dereva.

Mwisho, pima kama kweli anakuhitaji wewe. Kifurushi cha kilo 5 kinachoweza kusubiri hadi kesho asubuhi kinakwenda kwa basi kwa sehemu ndogo ya bei yako. Mwambie hivyo. Atakuamini siku atakapokuwa na mzigo ambao kweli hauwezi kusubiri, na katika mkoa ambao wafanyabiashara wake wanajuana, neno hilo hutembea.

Hatua ya 4: Hesabu muda kwa kuanzia mwisho

Watu wengi huanza kuhesabu kutoka saa waliyonayo na kuongeza saa za barabarani, kisha wakaona wanafika vizuri. Anza na saa ambayo mpokeaji anafunga, urudi nyuma kipande kwa kipande.

Tuchukue duka la dawa Kasulu linalofunga saa 11 jioni. Kushusha, kuhesabu na kusaini kunahitaji nusu saa, kwa hiyo gari lazima liwe mlangoni saa 10 na nusu. Sasa barabara: gari lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500 haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ukomo ni kilomita 50 kwa saa kwa magari yote. Kwa kuwa vijiji ni vingi njiani, wastani wa kweli wa Canter iliyobeba hauzidi sana kilomita 50 kwa saa, na kilomita 90 zitakula karibu saa 2. Tumefika saa 8 na nusu. Ongeza dakika 40 za akiba kwa ajili ya ukaguzi wa trafiki, mifugo barabarani, mvua au pancha. Tumefika saa 8 kasoro dakika 10. Kupakia, kufunga mzigo na kuandika hati kunataka dakika 50. Kwa hiyo mzigo huo usipokuwa mbele ya gari ukiwa tayari ifikapo saa 7 mchana, ahadi ya leo haipo.

Andika saa ya mwisho ya namna hiyo kwa kila njia kwenye ubao mmoja ofisini: Kasulu saa 7, Manyovu saa fulani, Uvinza saa fulani, kulingana na vipimo ulivyochukua mwenyewe katika hatua ya kwanza. Simu ikija baada ya saa hiyo, jibu liko ukutani, nawe hushawishiwi na fedha wala na huruma. Mteja akisisitiza, mpe chaguo la kufika kesho saa 2 asubuhi gari likiondoka alfajiri. Wengi hukubali, na mzigo hufika mpokeaji akiwa amefungua, badala ya kufika usiku na kulala ndani ya gari lililoegeshwa kando ya barabara.

Kuna jambo moja la jiografia linalotusaidia watu wa Kigoma. Tuko mbali magharibi kuliko Dar es Salaam ilhali saa zetu ni zilezile, kwa hiyo jua hutuzamia kama dakika 40 baadaye, karibu saa 1 jioni. Jioni hiyo ya ziada inatosha kumrudisha dereva kutoka Kasulu kwa mwanga. Lakini upande wa asubuhi hali inageuka: saa 12 kamili bado ni giza, na kuondoka “alfajiri” kunamaanisha taa, baiskeli zisizo na taa, na watembea kwa miguu waliovaa nguo nyeusi. Mwendo wa saa ya kwanza ya asubuhi uhesabiwe kuwa wa polepole.

Hatua ya 5: Panga bei kabla simu haijalia

Bei inayotungwa wakati mteja ana wasiwasi huwa ya kumkomoa au ya kujikomoa. Weka bei ya kila njia kwenye orodha, na uifanyie marekebisho kila mwezi baada ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kutangaza bei kikomo za mafuta, jambo linalofanyika Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Hesabu ya msingi ni ya kwenda na kurudi, kwa sababu gari la dharura hurudi tupu mara nyingi. Kasulu ni kilomita 180 kwa jumla. Kama gari lako linakwenda kilomita 7 kwa lita moja, hizo ni karibu lita 26. Kiwango hicho cha ulaji usikichukue kwenye maelezo ya muuzaji wa gari. Jaza tanki, nenda, jaza tena, ugawanye. Juu ya mafuta weka posho ya dereva na utingo, kiasi cha matairi na matengenezo kwa kila kilomita, sehemu ya bima na leseni, kisha faida. Weka pia malipo ya kusubiri: nusu saa ya kwanza ya kupakia au kushusha ni bure, baada ya hapo kila saa ina bei yake, na mteja aambiwe hilo kabla.

Pokea angalau nusu ya malipo kabla ya gari kuondoka, kwa simu au benki, na utoe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Ofisi na mashirika yanayolipa mwisho wa mwezi yapewe huduma hiyo kwa mkataba wa maandishi tu. Usipandishe bei kwa sababu mzigo ni dawa au jeneza. Bei ya njia ni moja kwa mwenye harusi na kwa mwenye msiba.

Hatua ya 6: Kagua, pakia na ufunge mzigo

Kila asubuhi, kabla oda haijaja, dereva apime upepo wa matairi yote pamoja na la akiba, aangalie mafuta ya injini, maji, breki, taa na wipa. Ndani ya gari viwemo jeki na spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, turubai zima, kamba, mikanda ya kukazia, tochi na mbao mbili za kuwekea chini ya tairi likizama. Gari linalosubiri oda lisubiri likiwa na tanki lililojaa. Kwenda kutafuta dizeli mteja akiwa amesimama pembeni ni kupoteza dakika zilezile ulizozihesabu kwa taabu.

Mzigo ukifika mbele ya gari, uhesabu na uupige picha kabla haujaguswa, hasa pembe za katoni na sehemu zilizokwisha kubonyea. Kitu kizito kikae chini, katikati ya upana wa gari, na kisogee mbele hadi kigote ukuta wa kabini, ili breki kali zisikirushe. Vitu vyepesi na vya kuvunjika vikae juu au nyuma, na nafasi tupu zijazwe kwa magunia au mbao zisiache mwanya.

Mikanda ya kukazia ina lebo inayoonyesha uwezo wake wa kazi. Kanuni za Marekani zinataka jumla ya uwezo wa mikanda isipungue nusu ya uzito wa mzigo, na ufungaji uhimili msukumo wa mbele wa asilimia 80 ya uzito huo wakati wa breki. Kwa jenereta letu la kilo 800, hiyo ni mikanda yenye jumla ya kilo 400 kwa uchache. Kwa barabara zetu zenye matuta mengi, tumia minne badala ya miwili, ukiifunga kila pembe. Mkanda uliochanika kingo au usio na lebo uutoe kazini siku hiyohiyo. Turubai lifunikwe hata kama mbingu ni nyeupe, kwa kuwa mvua ya Kigoma hushuka upande mmoja wa mlima huku upande wa pili ukiwa mkavu.

Mizigo mingine ina masharti yake. Mitungi ya oksijeni isimame wima, ifungwe mmoja mmoja au kwa kundi lisilocheza, kofia za valvu zikiwa zimefungwa, na isikaribiane kabisa na petroli, grisi au mafuta ya kula. Kwa sababu hiyo gari lililobeba petroli ya injini za boti asubuhi halifai kubeba oksijeni mchana kabla ya kuoshwa na kukaushwa. Chanjo nyingi zinahitaji kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 muda wote. Watu huogopa joto na kusahau kwamba baadhi ya chanjo, kama ile ya pepopunda na ya homa ya ini, huharibika zikiganda, kwa hiyo vifuko vya barafu viachwe nje ya friza hadi barafu ianze kucheza ndani vikitikiswa ndipo viwekwe kwenye sanduku. Sanduku hilo likae kivulini, lisifunguliwe njiani, na kipimajoto chake kisomwe kwenye kuondoka na kwenye kufika. Samaki wabichi, iwe ni migebuka au sangara, wapakiwe kwa tabaka za barafu iliyopondwa, ukikadiria kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na maji yanayoyeyuka yapate mahali pa kutokea. Samaki na dawa havisafiri pamoja, hata kama wateja wote wawili wamekubali.

Uzito wa mzigo wote usizidi kile ambacho mtengenezaji wa gari amekiruhusu. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, inayotumika nchini tangu mwaka 2019, inataka gari lenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500 lipite kwenye mizani inayolikuta njiani, na Canter iliyobeba inaingia kundi hilo. Kuzidisha mifuko michache ya saruji kwa ajili ya kuongeza kipato kunaweza kuligharimu gari siku nzima mizanini, na mzigo wa dharura uliomo ndani hauna kosa lolote.

Hatua ya 7: Kamilisha hati

Dereva aondoke na karatasi nne: risiti ya EFD ya bidhaa au hati ya kuthibitisha umiliki, hati yako ya kusafirishia mzigo katika nakala tatu, karatasi yenye majina na namba za mtumaji na mpokeaji, na kibali maalumu pale kinapohitajika. Mazao ya misitu, yakiwemo mbao na mkaa, yanataka hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Samaki na mazao ya uvuvi yana kibali chake. Dawa zitoke kwa muuzaji aliyesajiliwa na ziwe na ankara inayoorodhesha kila aina. Kwenye hati yako andika idadi, hali ya mzigo, thamani aliyoitaja mteja, saa ya kupakia na saa iliyoahidiwa. Mtumaji asaini kabla ya gari kusogea.

Hatua ya 8: Endesha safari

Dereva atume ujumbe mfupi anapoondoka, anapopita Kidahwe, na anapobakiza kama nusu saa kufika. Kuna vipande ambavyo mtandao hukatika, kwa hiyo mteja aambiwe mapema kwamba ukimya wa muda fulani ni wa kawaida. Baada ya kilomita 20 za mwanzo dereva asimame akaze mikanda upya, kwa sababu mzigo hujipanga na mikanda hulegea.

Asipokee abiria nyuma ya gari, hata jirani anayemfahamu. Asipitie sehemu nyingine kuchukua mzigo wa mtu wa pili isipokuwa mteja wa kwanza amekubali. Na asiendeshe kwa kasi ya kufidia muda uliopotea wakati wa kupakia. Zile dakika 40 za akiba ziliwekwa kwa kazi hiyo, zikiisha wewe mwenye gari ndiye wa kupiga simu na kueleza, si dereva kukanyaga mafuta.

Hatua ya 9: Kabidhi mzigo

Kabla ya kufungua turubai, mpokeaji aitwe aone jinsi mzigo ulivyofungwa. Mzigo uhesabiwe mbele yake, upigwe picha, kisha aandike jina lake kamili, cheo, saa na sahihi. Kama kuna kasoro aiandike palepale kwenye hati, na dereva asibishane. Abakize nakala na kukutumia picha. Mzigo usiachwe kwa mlinzi, kwa jirani wala kwa mwenye duka la pembeni bila mteja kutoa ruhusa kwa ujumbe wa maandishi.

Kwa safari ya kurudi unaweza kutafuta mzigo, maana Kasulu na Buhigwe kuna maharage, mihogo na ndizi zinazotafuta gari la Kigoma. Uupokee ikiwa haukuzuii kurudi kwa ajili ya oda ya kesho, na hati zake, ikiwemo risiti ya ushuru wa mazao wa halmashauri pale unapostahili kulipwa, ziwe kamili. Magunia ya mkaa yasiyo na hati yaache yalipo, kwani gari likizuiwa kwa ajili yake hutakuwa na gari la kumpelekea mgonjwa oksijeni asubuhi.

Hatua ya 10: Mambo yakiharibika

Gari litaharibika siku moja. Kwa hiyo kabla ya hapo uwe umekubaliana na wenye magari wengine wawili au watatu, mmoja akiwa Kasulu ikiwezekana, kwamba kila mmoja atamwokolea mwenzake mzigo kwa bei iliyokwisha kuandikwa. Gari likisimama, dereva aweke pembetatu barabarani, akupigie, akupe mahali alipo kwa jina la kijiji au nguzo ya kilomita, na akae na mzigo. Wewe jipe robo saa ya kujua kama tatizo linatengenezeka. Likiwa halitengenezeki, ita gari la mwenzako mara moja bila kusubiri fundi aahidi mara ya pili.

Simu kwa mteja ipigwe kabla ya saa iliyoahidiwa kupita, ikisema mambo matatu: kilichotokea, mzigo uko katika hali gani, na saa mpya ya kufika ambayo una hakika nayo. Mpe nafasi ya kuamua kama mpokeaji atasubiri, kama mzigo ulale mahali salama, au kama sehemu yake ndogo iliyo muhimu zaidi itangulie kwa bodaboda. Kuchelewa kukiwa kumesababishwa na gari au dereva wako, rudisha sehemu ya nauli kwa kiwango kilichoandikwa kwenye hati, na ulipe kabla hajakudai. Kukisababishwa na stoo iliyofungwa au mpokeaji asiyepatikana, mwonyeshe saa zilizoandikwa na kusainiwa kwenye hati ya kupakia, na umtoze muda wa kusubiri kama mlivyokubaliana. Jioni hiyohiyo weka kwenye daftari la njia saa ya kuondoka, saa ya kufika na sababu ya kila dakika iliyozidi, ili saa ya mwisho iliyo ubaoni irekebishwe kabla ya simu ya kesho.